Salfa Siku ya Hitma

Mwezi wa nane mwaka juzi nilifiwa na mke wangu, Somoe. Na kabla mikeka ya matanga haijakunjwa ikafa na bustani yake ya nyuma ya nyumba, maana kilikuwa kiangazi na hakuna aliyekumbuka kuimwagilia maji, mimi wa kwanza. Hayo mawili niliondokewa nayo. Aibu niliitafuta mwenyewe mwaka uliofuata, mbele ya wakwe zangu wote, na hata sasa naona haya kuisimulia, lakini bora mnisikie mimi kuliko kumsikia mtani wangu Bakari, ambaye kila akiisimulia anaiongezea chumvi.

Kwetu ni Ruangwa. Hapa Lionja, wilaya ya Nachingwea, nilikuja kuoa, nikakaa ukweni kama wanaume wengi wa huku, na kiwanja hiki ni cha ukoo wa Somoe. Mke akifa, mume anaachwa amalize mwaka, halafu siku ya hitma wakwe wanakaa na kusema kama atabaki au atafungasha arudi kwao. Hawafanyi kwa ubaya, ndio utaratibu. Lakini mimi sikutaka kuondoka. Yeye kazikwa hapa, na huko Ruangwa wanaonijua wamebaki wachache.

Sasa siku ya arobaini mama mkwe alipita nyuma ya nyumba, akasimama kwenye yale matuta makavu, akasema, si kwangu (mkwe hatuzungumzi naye uso kwa uso, na mimi simtazami usoni, ndivyo tulivyolelewa), akamwambia binti yake Zuhura, shemeji yangu: "Na hii nayo imekufa."

Basi, akaondoka. Usingizi ulinipotea kwa neno hilo.

Nikajiwekea malengo, kichwani tu, maana mimi wa darasa la saba na kuandika kunanichosha. Kabla ya mvua, samadi. Nikaenda kwa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, wakanijazia viroba, nikavibeba kwa bodaboda na dereva akaziba pua njia nzima. Mvua zikianza, kunde na bamia. Mvua zikikata, mchicha na maboga ya kuchuma majani, na maji nichote mwenyewe kisimani asubuhi na jioni. Na lengo kubwa kuliko yote: siku ya hitma wakwe wale mboga kutoka bustani ya Somoe, waione iko hai, ili ikifika saa ya kusema habari zangu bustani iniombee, maana mimi kujiombea sijui.

Na ilikwenda, nisiwafiche. Kunde zililiwa na mbuzi, nikapanda tena. Bamia zilizaa mpaka nikagawia majirani, na kiangazi kilipoingia majani ya maboga yalikuwa mapana kama sinia, na nilikuwa nakaa pale jioni nayatazama tu (mtu mzima, nimekaa kwenye ndoo, natazama maboga).

Hitma ilipokaribia nikaona majani yameshika kitu cheupe, kama yamenyunyiziwa unga. Sasa mtu wa Nachingwea akiona unga juu ya jani anawaza ubwiri wa mikorosho, na akiwaza ubwiri anawaza salfa, hatujui dawa nyingine, tumekulia humo. Somoe angeyachuma yale majani mabovu akayatupa, akaendelea na shughuli zake. Mimi nikasema nitapuliza.

Nikaenda kuazima mashine kwa Bakari, ile ya kubeba mgongoni. Akanitazama.

"Mtani, hii inarusha salfa mpaka kileleni mwa mkorosho. Mboga yako ina kimo gani?"

"Ya magoti. Nitafungua kidogo tu."

"Haya. Ikikurusha mpaka Ruangwa, wasalimie."

Salfa inapulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande, kwa hiyo siku ya hitma yenyewe nikaamka mapema, nikazunguka na mashine yangu kwa njia ya nyuma ili nisiwasumbue wageni waliolala kwangu. Kumbe wanawake walishaamka zamani. Upande wa pili wa ua wa mianzi Zuhura alikuwa anakoroga uji kwenye sufuria kubwa, na mama mkwe amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake. Moshi niliusikia, nikadhani wa jirani.

Nikavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Nikavuta tena, kimya. Nikasema labda mafuta hayafiki, nikausukuma ule mkono wa kuongezea moto mpaka mwisho, nikavuta, na hapo ikawaka yote kwa mara moja! Majani yakalala chini, mengine yakachanika, salfa ikagonga ardhi ikarudi juu wingu la njano, nami nikashtuka nikageuka kutafuta pa kuzimia, na nilivyogeuka bomba nalo likageuka, likatazama ua.

Mianzi ina nafasi katikati. Sina la kuongeza.

Nikasikia, "Moto! Moto!" Wanaume waliolala barazani wakaja mbio na ndoo, wakaona mtu yumo ndani ya moshi, wakanimwagia mimi. Mashine ikazimika. Salfa na maji vikanishuka usoni kama uji, nikatembea mpaka kwenye mlango wa ua na mashine yangu mgongoni, na wote wakanigeukia.

Mama mkwe alikuwa wa njano kuanzia ushungi mpaka magotini. Na mimi, miaka yote hiyo ya ndoa, siku hiyo ndiyo nilimtazama usoni.

"Shemeji!" Zuhura akapiga kelele, huku anakohoa. "Umetupulizia kama mikorosho!"

Bakari, sijui alitokea wapi, akasema, "Acheni kulia, jamani. Mwaka huu ukoo mzima hauugui ubwiri."

Mtu akacheka, akajizuia, wengine wakashindwa kujizuia. Mimi nililia. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nilitaka mle mboga yake."

Uji ulimwagwa, wageni wakanywa chai ya rangi. Majani ya maboga Zuhura aliyaosha na kuyaosha, yakabaki yananuka kiberiti, akayaacha. Kisomo kilisomwa vizuri, watu wakala wali na nyama, mboga hakuna. Nikajua nimekwisha.

Mchana wajomba wa Somoe wakakaa kwenye mikeka, nami nikakaa pembeni, nimeoga lakini nanuka vilevile. Mjomba mkubwa akasafisha koo. Kabla hajatamka neno, sauti ikatoka mlangoni kwa wanawake, na safari hii haikupitia kwa Zuhura.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Boga likishika unga, unachuma lile jani unalifukia mbali. Halipulizwi."

"Ndiyo, mama."

"Na uliyabananisha. Masika yakija acha nafasi, yapate hewa. Halafu pale yanapotoka maji ya bafu pamekaa bure. Panda magimbi."

"Nitapanda, mama."

Mjomba akamtazama dada yake, akanitazama mimi, kisha akauliza maji ya kutawadhia yako wapi, maana alasiri imeingia. Habari ya Ruangwa haikutajwa siku ile, wala haijatajwa hadi leo. Mashine ya salfa nimeiachia mikorosho, sitaishika tena karibu na nyumba ya mtu, na mboga naikagua kwa macho na mikono, jani moja moja.

Jioni mama mkwe alipanda bodaboda akarudi kwake. Kesho yake Zuhura akaniletea mbegu za magimbi kwenye kirambo cha nailoni, akasema katumwa, nikachukua jembe nikaenda nyuma ya bafu nikazifukia.