Mshale wa Kisima

Tulikuwa tunatafuta chanzo cha kuhara kwa watoto katika kitongoji kimoja cha Kimali, na kazi yangu ilikuwa mchoro. Programu yenyewe ni rahisi: unaandika kisima, choo, mvua, ugonjwa, kila neno kwenye duara lake, kisha unavuta mshale kutoka kwenye sababu kwenda kwenye matokeo. Njia inayotiliwa shaka inageuka nyekundu.

Siku ya mrejesho niliwaonyesha wakazi mchoro ukutani kwa projekta, darasani. Nikaeleza kwamba mshale mwekundu kutoka kisimani ni swali tu, maji bado hayajapimwa. Mwanamume mmoja aliyetoka kumzika mtoto wake akauliza kwa upole, "Kisima hicho si kiko kwa yule mama?"

Niliona simu zikiinuliwa, zikipiga picha.

Yule mama alikuwa mjane mwenye macho mekundu kwa miaka ya moshi wa jikoni, na kisima kilichimbwa na marehemu mumewe. Wiki haikuisha, akanifuata ofisini Bariadi. Nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mama yangu, "Mwadila, mayu." Akabaki amesimama.

"Nionyeshe huo mshale."

Nikafungua kompyuta. Akaweka kidole kwenye kioo, taratibu.

"Wanasema mashine imenitaja kuwa mchawi."

"Haijui watu, mayu. Imesema kisima."

"Kisima kina mwenyewe." Akanitazama. "Futa."

Nikafuta. Rangi nyekundu ikapotea, naye akashusha pumzi. Kisha akauliza, "Na ile iliyo kwenye simu zao?"

Nilimpigia mwenyekiti wa kitongoji. Aliahidi kuongea na watu, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kukata simu. Nikawa nashtuka kila simu ilipoita.

Usiku mmoja jiko la yule mama likachomwa moto. Asubuhi yake mwanawe akaja na pikipiki, akamhamishia Lagangabilili, na mbuzi wake wakabaki wamefungwa uani.

Majibu ya maji yalipotoka, kinyesi cha mifugo kilikuwa kinavujia kisimani. Nikarudi Kimali kuwaambia. Niliwakuta wanawake pale pale kisimani, wakijaza ndoo, wakicheka.

"Msinywe," nikasema. "Maji yamepimwa, ni machafu."

"Yalikuwa machafu," akanisahihisha mmoja wao, bila hasira. "Aliyekuwa anayaharibu ameshaondoka."

Akachota kikombe, akainama, akamnywesha mtoto aliyekuwa ameshika pindo la kanga yake.