Leso za Marehemu Kwenye Mashine ya Mkono Mrefu

Watu huniita mwalimu kwa sababu nilikuja Lamu kutoka bara kufundisha ushonaji. Siku hizi kazi yangu kubwa ni kutengeneza cherehani. Hewa ya hapa ina chumvi, na chuma hakiipendi.

Mashine ya mkono mrefu nilikutana nayo mara moja tu, katika nyumba ya Bi mmoja wa mji wa kale. Bi aliachiwa mashine hiyo na mgeni aliyefunga nyumba yake na kurudi kwao. Kwa asiyeijua, ni cherehani ambayo shingo yake ina urefu wa mkono wa mtu mzima, nayo hukaa juu ya magurudumu yanayopita kwenye reli. Kitambaa hutandazwa kwenye fremu, kikatulia. Mshonaji hushika vishikio viwili akaisukuma mashine yenyewe huku na huku, kama anayeandika kwa kalamu nzito. Kazi yake ni kushona mfarishi: kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini. Chumba cha Bi kilikuwa kirefu na chembamba, maana katika nyumba za mawe upana hufuata urefu wa boriti za dari. Fremu iliingia humo kana kwamba ilipimiwa.

Aliniita kwa sababu uzi ulikuwa ukikatika. Mama yake alikuwa amefariki na kuacha leso zake, kanga kama tunavyoziita bara. Leso huja mbili mbili, basi kila jozi iligawanywa, moja kwa Bi, moja kwa mdogo wake anayeishi kijijini Matondoni. Mdogo alimkabidhi dada yake fungu lake amshonee mfarishi. Bi alishafumua mara mbili, na kila tundu la sindano lilibaki pale lilipo. Leso zenyewe zilikuwa za miaka mingi, nyepesi kama ganda la kitunguu.

"Nikifumua tena zitatoka vipande," aliniambia. "Na hizi si zangu, mwalimu. Ni amana."

Huwa nawaambia wanafunzi waanze na jambo rahisi. Uzi ukikatika, usikimbilie kufungua mashine. Badilisha sindano kwanza, uhakikishe imetazama upande wake. Toa uzi wote, uupitishe upya. Angalia bobini ya uzi wa chini kama imejazwa sawasawa. Kisha tazama vile visahani viwili vinavyoubana uzi, kama vimekaza mno. Nilifuata mpangilio huo. Visahani vilikuwa na uchafu kidogo, nikavipangusa bila kuufikiria. Tukajaribu kwenye kitambaa cha pembeni, mshono ukatoka mzuri juu na chini. Nikaenda zangu nikiwa nimeridhika.

Kesho yake akaniita tena. Uzi ulikuwa umekatika mara nne katika safu moja, na penye kukatika mashine iliruka, ikaacha mapengo.

Safari hii mdogo wake alikuwepo. Alikuwa ameketi kitandani, buibui limemshuka mabegani, akitazama kila kitu.

"Ndoo mwalimu, ndoo uone," Bi aliniita kwa Kiamu chake, nije nione.

"Mwambie kweli, dada," akasema mdogo. "Mashine ina jini, na jini limekupenda wewe."

"Umekuja kunisaidia ama kuhesabu makosa?"

"Kuhesabu. Leso ni zangu."

Niliushika uzi na kuuvuta taratibu baina ya vidole. Uzi mzuri huteleza. Huu ulishika ngozi. Niliunusa, ukanukia utamu. Nikapitisha kitambaa cheupe katikati ya visahani, kikatoka na alama ya rangi ya chai, ingawa jana tu nilivisafisha. Hapo nikajua kwamba kosa lilikuwa linaingia upya kila siku, tena kutoka nje ya mashine.

"Bi, jana nilipoondoka mlifanya nini humu ndani?"

"Hatukufanya neno. Nilifukiza tu."

Alinionyesha chetezo cha kufukizia udi sakafuni, chini kabisa ya kichwa cha mashine. Aliona si adabu kushona nguo za marehemu mama yake katika chumba kisichonukia. Na udi wake, kama udi mwingi unaopikwa hapa, hupikwa kwa sukari. Moshi wake hupanda, hutua kwenye uzi, kwenye visahani, kwenye reli, ukaacha utando usioonekana. Uzi ulipoanza kukatika, Bi alidhani chumba kina kitu kibaya, akaongeza udi. Alivyoongeza udi, uzi ulizidi kukatika.

Sikumweleza kwa maneno mengi. Nilimpa kile kitambaa cheupe akakishika mwenyewe. Alikigusa kwa kidole gumba, kisha akakinusa.

Mdogo wake alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe jini ni wewe!"

"Subhanallah," alisema Bi. "Siku zote hizi naitia mashine halua."

Nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi jana niliuona uchafu ule na sikuuliza umetoka wapi. Kosa la aina hii macho hayalioni. Huonwa na kidole. Tulipangusa visahani, reli na magurudumu kwa spiriti. Nikafungua uzi mpya uliokuwa bado ndani ya mfuko. Chetezo kikateremshwa uwanjani. Mshono wa majaribio ukatoka sawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ikabaki ile safu ya mapengo. Bi alishika kisu cha kufumulia.

"Usifumue," nilimwambia. "Kitambaa hakitastahimili."

"Siwezi kumrudishia mtu amana yenye mapengo."

Mdogo aliinuka kitandani kwa mara ya kwanza. Aliinama juu ya fremu, akaipitishia mkono leso pale ilipokuwa imefumuliwa mara mbili, akayatazama matundu yaliyotapakaa. Kazi yake Matondoni ni kushona kofia.

"Kwenye kofia mimi hutoboa kitambaa makusudi, halafu nikazungushia uzi kila tundu," alisema. "Hapa umenitobolea bure. Nipe sindano ya mkono, na mapengo nitayaziba nayo."

"Uzi gani?"

"Mweupe."

"Mweupe utaonekana."

"Wacha uonekane. Zangu, si zako."

Alianza na tundu la kwanza, akalizungushia uzi mara tano, sita, akavuta polepole. Leso haikuchanika. Bi alimtazama kidogo, kisha akaweka kisu chini, akavuta kigoda upande wa pili wa fremu na kuomba sindano naye. Nilizima mashine, nikawatungia uzi sindano mbili za akiba. Nilipoaga walikuwa wamefika pengo la kwanza, na mdogo alikuwa akimwambia dada yake kwamba mishono yake ni mikubwa mno.