Argiro Mfua Kandili

Argiro alimng'ata mumewe sikio kabla hajajua jina lake. Alikuwa kisimani anateka maji, Sifis akaja na farasi, bunduki na binamu zake, akamkwapua kiunoni, kama walivyofanya vijana wa milima ile ya Krete walipokataliwa na baba wa binti. Binti alitakiwa apige kelele kidogo, kwa heshima ya kwao, kisha anyamaze. Argiro hakupiga kelele. Aligeuka palepale juu ya farasi, akayafunga meno sikioni mwa yule bwana, na hakuachia mpaka kipande kikabaki mdomoni mwake. Sifis alifunga ndoa ana sikio moja na nusu, kichwa kimezungushiwa kitambaa cha damu, na bado anacheka. Watu wakasema mwanamke huyu atakuja kumuua. Hawakujua kitu. Kijijini Mavropetra hakukuwa na mke aliyempenda mume kama Argiro alivyompenda yule mwizi wake.

Kitu alichokuja nacho kutoka kwao kilikuwa ujuzi wa bati. Baba yake alikuwa fundi bati mjini Rethimno, mtu mwenye mkono mwepesi, na alimfundisha kwa makofi: tundu likikaa pabaya, kofi. Nyumbani kwa Sifis akaweka fuawe, chuma cha kufulia bati, juu ya gogo la mzeituni, karibu na meko, akaanza kufua kandili za kuning'iniza. Mikebe mitupu ya jibini na ya mafuta aliikata kwa mkasi wa bati, akainyoosha, akaitoboa kwa msumari na nyundo mpaka ikatokeza misalaba, ndege na majani ya mzabibu. Kisha aliikunja duara, akaiunga kwa lehemu, akaweka kikombe cha mshumaa ndani na mikufu juu. Mshumaa ukiwashwa, ukuta mzima ulijaa ndege. Makanisa madogo ya mlimani yalitundika kandili zake, na vibanda vya watakatifu kando ya barabara vilevile, kila mahali alipoangukia mtu kwa risasi au kwa kisu. Watu hawakuacha kuanguka, basi na kazi haikuisha.

Sifis alikufa kwa ajili ya kondoo. Wanaume wa kule watakwambia alikufa kwa ajili ya heshima, lakini wanaume wa kule wakianza kutaja heshima, mwanamke na aanze kutafuta nguo nyeusi. Alikuta masikio ya kondoo wake, yenye alama aliyoikata mwenyewe, yamefukiwa nyuma ya zizi la jirani yake Kanakis. Angeweza kwenda kumshitaki. Badala yake aliyafunga masikio yale kwenye leso, akaingia mkahawani watu wamejaa, akayamwaga kwenye sahani ya Kanakis.

"Kula," akamwambia. "Nyama umeshaila, yasibaki haya."

"Nyumbani kwako ndiko wanakojua utamu wa masikio," Kanakis akajibu. "Muulize mkeo."

Mkahawa mzima ukacheka. Sifis akamshika Kanakis masharubu, akayavuta mbele ya watu mpaka yule akapiga magoti. Milimani kule unaweza kumtukania mtu mama yake ukaomba radhi yakaisha. Kuvuta masharubu hakuna radhi. Kanakis alikwenda kwake, akarudi na bunduki, akampiga Sifis risasi ya tumbo, na alipoanguka akamwongeza nyingine. Argiro alisikia milio akiwa anatoboa bati. Alipofika, mumewe ameshakata roho, utumbo uko vumbini na nzi wamewahi kufika kuliko yeye.

Desturi ilitaka shati la damu litundikwe ukutani bila kufuliwa, ili mwana akikua alione na ajue kazi inayomsubiri. Mwana alikuwepo, mmoja tu, Haridimos, bado anatambaa chini ya meza. Argiro alilitazama shati lile siku kadhaa. Mwishowe akalitia mekoni, akayeyushia lehemu kwa moto wake. Shemeji yake Polihronis, ndugu wa marehemu, alipopata habari alikuja akampiga kofi lililompeleka chini. Argiro aliinuka, akajifuta mdomo, akaendelea kukunja bati.

Kanakis alifungwa. Alipotoka, Haridimos alikuwa ameshaota masharubu yake mwenyewe. Muuaji akarudi kijijini kama mtu aliyetoka safari, akaoa, akapata mtoto. Polisi walikaa mbali bondeni, na walipenda kukaa hukohuko. Macho ya Mavropetra yote yakahamia kwa kijana.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Haridimos aliingia mkahawani akaagiza raki, pombe kali ya kule. Mwenye mkahawa akamwekea glasi iliyoishia katikati.

"Mbona nusu?" kijana akauliza.

"Nusu mwanamume, nusu glasi," mzee mmoja akamjibu bila kuinua macho kwenye karata zake. "Ukimaliza kazi ya baba yako tutakujazia."

"Mwacheni mtoto wa watu," mwingine akadakia. "Mama yake anamsubiri akamshikie vikopo."

Haridimos aliimeza ile nusu, akatoka huku kicheko kinamfuata mpaka nje. Polihronis naye akamfuata hadi nyumbani, na mkononi ana bunduki ya marehemu. Akailaza mezani, juu ya vipande vya bati.

"Shemeji, ondoa chuma chako kwenye kazi yangu," Argiro akasema.

"Sikuja kwako. Nimekuja kwa mwanamume wa nyumba hii, kama yumo."

"Yumo, baba mdogo," Haridimos akasema. Uso ulikuwa umemwisha damu. "Alhamisi Kanakis anapeleka jibini mjini. Nitamngoja darajani."

Polihronis akambusu kipaji cha uso, machozi yanamlenga. "Sasa ndugu yangu atalala," akasema, akaenda zake kifua mbele.

Argiro hakubishana nao. Alijua hesabu ya wanaume inavyokwenda. Haridimos atamuua Kanakis, ndugu za Kanakis watamuua Haridimos, na kandili itakayotundikwa alipoangukia mwanawe itamlazimu aifue yeye. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na siku ile aliwachukia watu wote wa kijiji kile, marehemu wake akiwemo, kwa kuvuta masharubu ya mtu na kumwachia yeye matanga.

Jumatano akamwita. "Njoo unishikie bati, mwanangu. Leo linanikimbia."

Haridimos alikuja. Tangu utotoni alikuwa akimshikia bati na hajawahi kuguswa hata ukucha, maana nyundo ya mama yake haikosei. Akaweka mkono wa kulia juu ya fuawe, vidole vimenyooka kwenye ukingo. Argiro akainua nyundo, akampiga kidole cha shahada.

Mfupa ulilia kama kuni kavu. Kabla kijana hajajua limemfika nini, mama alikuwa ameulalia mkono ule kwa kifua chake chote, anapiga. Alipiga kidole kilekile, akapiga cha pili yake, akapiga fundo la kiganja mpaka ngozi ikapasuka na mifupa ikaonekana. Haridimos alipiga ukelele uliosikika hadi kanisani. Kwa ngumi ya kushoto akamtwanga mama yake ya uso, jino likaruka, na Argiro, damu inamtiririka kidevuni, akapiga tena mara moja, kwa uhakika.

"Umeniua," Haridimos akasema, ameanguka kando ya meko, anatapika.

"Hujafa. Vidole hivyo nimevizaa mimi, nimechukua vyangu."

Akamwagia kidonda raki, akakifunga kwa vijiti vya mzeituni, kisha akakaa sakafuni kando yake.

Polihronis alifika ameshaambiwa na majirani. Alishika bunduki kwa mtutu, akazishukia kandili zilizoning'inia darini kwa kitako chake, moja baada ya nyingine, bati linaruka kila upande, kisha akamgeukia Argiro, akamshika nywele. Argiro akanyoosha mkono mekoni, akachomoa chuma cha lehemu kilichoiva, akakibandika shavuni mwa shemeji yake. Harufu ya nyama ikajaa chumba. Polihronis aliiacha bunduki sakafuni, akaondoka anapapasa ukuta, na hakukanyaga tena nyumba ile.

Lakini kijiji kiliridhika, shingo upande. Sheria yao ya mdomo ilisema asiye na kidole cha kufyatulia bunduki hatumwi kulipiza damu. Wakaanza kumpita Haridimos bila kumwona, naye akaanza kumpita mama yake hivyohivyo. Alikula supu yake ya dengu kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umepinda magotini mwake. Kila siku alishuka korongoni, na kutoka korongoni ilisikika milio. Argiro alijiambia ni wawindaji wa sungura. Mwanamke aliyekuwa haogopi farasi wala bunduki aliogopa kwenda kutazama.

Pasaka ilipokaribia, kazi ilipamba moto. Asubuhi moja Haridimos aliingia, akalisogeza pembeni bati alilokuwa akitoboa mama yake, akaweka mkono wa kushoto juu ya fuawe na kutawanya vidole.

"Na huu," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu siku ile.

"Unasema nini?"

"Na huu, mama. Nimeufundisha kulenga. Nikiweka chupa ukutani haibaki hata moja. Leo nilijificha juu ya shamba la Kanakis, anamwagilia viazi, mtoto wake kambeba. Nilimlenga muda mrefu sana. Sikumpiga. Kesho sijui."

"Haridimos."

"Nikipita mkahawani nasikia kicheko hata kama hawacheki. Piga, mama. Mwenyewe siwezi kujipiga."

Argiro aliinua nyundo. Aliinua kweli, na alijua mahali pa kupiga. Kijana alifumba macho na hakuuondoa mkono. Mama akamtazama: alikuwa amenyoosha shingo mbele kidogo, anangoja, na midomo inamcheza. Hasira iliyomlea Argiro tangu makofi ya baba yake, iliyompa meno ya kung'ata na mkono wa kuchoma, ilimtoka yote kwa mara moja, na akabaki na huruma tupu isiyo na mahali pa kwenda.

"Mikono yote ikiisha utashika nini?" akasema. "Kaa hapo. Usitoke mpaka nirudi."

Alivuka kijiji kichwa wazi, na aproni yake ya kazi kiunoni, na nyundo hajakumbuka kuiweka chini. Watu walitoka milangoni. Mbele ya mkahawa karata zilisimama hewani, na hakuna aliyethubutu kutania. Akapanda hadi nyumba ambayo mguu wa mtu wa Sifis haukuwa umeikaribia tangu mauaji, akagonga.

Alifungua Rodanthi, mama yake Kanakis. Aliitazama nyundo kwanza, kisha uso. Nyuma yake alisimama Kanakis, mtoto mchanga mikononi, ametulia tuli kama mtu aliyeona nyoka.

"Umekuja kuua?" Rodanthi akauliza.

"Ningetaka kuua ningekuja zamani. Mtoto wenu hajabatizwa. Mwanangu atakuwa baba yake wa ubatizo."

Kwa watu wale, anayemsimamia mtoto ubatizo huwa ndugu wa nyumba ile, na ndugu hawapigani risasi. Lakini aliyeua ndiye anayekwenda kuomba hivyo, kwa magoti, na padri akimtangulia. Kwamba mjane aje mwenyewe, peke yake, kwa miguu yake, lilikuwa jambo ambalo Mavropetra haikuwahi kuliona.

Kanakis akafungua kinywa. "Argiro, mimi miaka yote hii—"

"Funga mdomo," Argiro akasema. "Sikuja kukusamehe. Ukifa kesho kwa homa nitakaa mlangoni ninywe raki. Nimekuja kwa sababu mwanangu amebakiwa na mkono mmoja."

Rodanthi aligeuka akamtazama mwanawe. Naye alikuwa mama, na tangu mwanawe atoke gerezani alikuwa akimhesabu kila anaporudi jioni. Akashika fremu ya mlango.

"Mlete Jumapili," akasema. "Mtoto tutamshikia sisi. Yeye atampaka mafuta ya ubatizo kwa mkono huo uliobaki."