Ngoma Langoni kwa Tadeo

Ipo siku moja ya soko pale Lubao, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo moyo hunienda mbio na miguu hutaka kunyanyuka. Kaa hapo kwenye kigoda nikusimulie kwanza, halafu tutazungumza hilo lililokuleta. Umekuja kuniomba isukuti, ile ngoma kubwa ya babu yangu, ili wewe na wenzako mkaipige barabarani kwa sababu mgombea mnayempenda ameshinda huko nchi ya watu. Sijakataa. Nimesema kaa.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na umri wako na kelele zako. Vyama vingi vilikuwa vimerudi juzijuzi tu, na sisi vijana tulikuwa tumelewa siasa. Tena nilikuwa na redio. Nilikuwa na redio, mwanangu! Betri zikichoka nilizianika juu ya bati zipate jua, na zikirudi na nguvu kidogo nusu ya kijiji ilikuja kukaa nje ya nyumba yangu nikawaeleza dunia inavyokwenda. Nilijiona waziri.

Basi nchi moja jirani ikafanya uchaguzi. Hapa kwetu tulikuwa na watu wawili kutoka huko. Mmoja ni Tadeo, mwashi aliyetujengea kanisa na kuimba besi katika kwaya yetu. Wa pili ni Yona, fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache, aliyeshona nguo kwenye baraza ya duka pale sokoni. Walitoka kijiji kimoja, na wake zao walichota maji pamoja. Ila Tadeo alimtaka mgombea mpya, na Yona alisema wazi kwamba yule mzee aliyekuwa madarakani bado anafaa. Walikuwa wakibishana huku wakicheka.

Asubuhi moja redio ikasema mgombea wa Tadeo anaongoza, lakini kura bado zinahesabiwa na upande wa pili umelalamika. Niliyasikia yote mawili, sikudanganyi. La kwanza lilinipendeza, la pili nikalitupa. Nikaruka juu nikipiga kelele, "Tadeo ameshinda!" utadhani Tadeo ndiye aliyekuwa kwenye karatasi ya kura.

Sasa, unajua kwetu isukuti haipigwi ovyo. Ikipigwa langoni mwa mtu, iwe kwa harusi au kwa msiba, ni kijiji kizima kinachosema naye. Babu alipofariki, ngoma zake zilibaki kwa nyanya yangu, Kukhu Selina, akazitundika ukutani karibu na meko. Aliyezihitaji alimweleza kwanza anampigia nani na kwa nini, na Kukhu akiridhika alizishusha kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo Kukhu alikuwa Musanda kwa shangazi yangu aliyejifungua. Nikapanda juu ya kigoda, hicho hicho ulichokalia, nikazishusha.

Ee, tulipiga! Vumbi, pembe, njuga, akina mama wakishangilia bila kuuliza kuna nini. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu, na usije ukamwambia nyanya yako. Tukampigia Tadeo langoni, tukambeba juu juu. Tuliporudi tukapita mbele ya Yona, na mtu mmoja akapaza sauti, "Huyu ni wa wezi wa kura!" Si mimi niliyesema. Lakini ngoma ilikuwa begani mwangu na sikuacha kuipiga.

Hapo kijiji kikawa kimeshachagua upande, na ni mimi niliyekichagulia. Siku zilizofuata, watu waliokuwa wamempelekea Yona vitambaa walikwenda kuvichukua kabla havijashonwa. Mawe yakaanguka juu ya bati lake. Mkewe, Perisi, akifika kisimani wenzake wananyamaza. Na redio ikatuambia kwamba huko kwao matokeo yamekataliwa, nyumba zinachomwa na watu wanakimbia. Nikasikiliza, nikabadilisha betri, na sikwenda kumwona Yona.

Siku ya soko Kukhu akarudi. Aliingia jikoni, akatazama ukutani, akaona ngoma kubwa imetundikwa ikitazama upande usio wake.

"Ulimpigia nani?"

"Tadeo, Kukhu. Mtu wake ameshinda uchaguzi."

"Nani amemaliza kuhesabu?"

Nikanyoosha mkono kuigeuza ngoma.

"Nakuuliza wewe mwenye redio. Na Yona mlimwambia nini?"

Nikaanza kueleza mambo ya demokrasia. Akanikata. "Wajomba zako walipokimbia mapigano kule Mautuma na magodoro kichwani, nani hapa aliwauliza wako chama gani? Si walikula obusuma, ugali wetu huu huu, hapa hapa? Mimi siku zote naulizanga ngoma ni ya nani, unafikiri ni mchezo? Nimepita Lubao sasa hivi. Yona anapakia cherehani yake kwa lori ya ng'ombe. Anarudi kwao, kwa moto, na watoto. Ni wewe umemfukuza. Beba hiyo ngoma ukimbie!"

Mwanangu, nilikimbia! Ngoma ilinipiga mbavuni, nikaruka mitaro, nikakata katikati ya wauza kuku, watu wakiniuliza nani amekufa. Nilikuta injini imeshawashwa. Perisi alikuwa juu amempakata mtoto, Yona anafunga kamba. Nikasimama mbele ya lori. Dereva akapiga honi, nami nikapiga ngoma, peke yangu, vibaya kabisa, mpaka soko zima likageuka.

"Nimekosa!" nikapaza sauti. "Nilipiga ngoma kwa jambo nisilolijua. Sijui nani ameshinda kwao. Hakuna anayejua hapa! Ninachojua ni kwamba Yona ni mtu wetu."

Nilidhani atashuka anikumbatie. Yona alinitazama tu. "Siku ile mlikuwa wengi," akasema. "Leo uko peke yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Tadeo akatokea katikati ya watu, mikono ina saruji. Nikafikiri walau yeye atanitetea. Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Mlinibeba juu juu," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mama yangu yuko hai!"

Kisha akapanda lori, akazungumza na Yona kwa lugha yao. Baadaye nilielezwa alichosema. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amevuka mpaka asubuhi hiyo, akawaona mama zao wawili njiani, wanakuja huku pamoja wakishikana mikono. "Wakifika, mama yako akuulizie kwa nani?" Tadeo alimwambia. Yona akaketi juu ya furushi, akafunika uso. Aliponyanyuka, wote wawili wakaishika cherehani, huku na huku, na wauza kuku na wanunuzi wa ng'ombe wakakimbia kuipokea. Lori likaondoka na ng'ombe peke yao.

Akina mama wale walifika wiki iliyofuata, miguu imevimba. Mmoja alikuwa amempigia huyu kura, mwingine yule, na walikuwa wamegawana shuka moja njia nzima. Kukhu alipanda juu ya kigoda hiki, akaishusha ngoma kwa mkono wake mwenyewe, akanipa. Safari hii nilipiga kwenye lango moja kwa ajili ya wawili. Wale wazee walicheza, mwanangu! Walicheza na miguu yao ile ile!

Sasa nikuambie wazi. Nchi pia ina ngoma, nayo ni neno lake la hongera. Watu wa nje wakibishania kura, nchi yetu isikimbilie kumpongeza yule tunayempenda. Itake hesabu imalizike mbele ya macho ya wote, na anayelalamika asikilizwe. Izungumze na pande zote mbili, hata na ule usiotupendeza. Anayekimbia moto afunguliwe mlango kwanza, maswali ya chama yaachwe. Na ugomvi wao usiletwe huku kwa wageni tunaoishi nao, kwa sababu sisi tutashangilia na kurudi kulala, na wao ndio watakaozika.

Unataka ngoma? Nenda kwanza kwa yule mama wa mandazi hapo njia panda, ambaye ni wa nchi ya huyo mgombea wako, umuulize kama watu wake wako salama. Halafu nenda kwa kinyozi, ambaye ni wa nchi hiyo hiyo na upande wa pili, umuulize vivyo hivyo. Siku watakapokubali wote wawili kucheza, rudi hapa, nami nitaishusha hata kama ni kwa mkongojo.

Mungu akutunzie miguu hiyo myepesi, mwanangu, ikukimbize kwa mwenye shida kabla lori halijawashwa. Akupe kuuliza kabla ya kushangilia. Na lango lako lisikose mgeni wa kumpigia ngoma. Haya, kiache kigoda, uende.