Uzi Mdomoni

Mama yangu, fundi wa kushona kule Uvira, alikuwa na mwiko mmoja: nguo haishonwi mwilini mwa mtu aliye hai, maana hivyo ndivyo sanda inavyoshonwa. Ukilazimika, mpe uzi auume, naye asiseme neno mpaka wewe uliyeshona uutoe kwa mkono wako. Nilimcheka sana. Ulimi wangu haujawahi kuwa na breki.

Asubuhi ya vita nilikuwa namshonea mdogo wangu bega la blauzi, ameivaa, uzi mweusi kati ya meno yake. Risasi zikaanza kulia. Nikakimbia. Nilifika Malawi bila yeye, na bila kuutoa ule uzi.

Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu wa Bukavu mwenye kujidai kwa Kifaransa, alikuwa na kitabu cha historia kilichochakaa. Siku moja alitufungulia ukurasa wa miji ya Marekani ya zaidi ya miaka mia iliyopita. Viwanda viliota kama uyoga, wageni wakashuka melini kwa maelfu, familia nzima ikashona makoti katika chumba kimoja.

"Bale balikuwa bageni kama siye," alisema. "Bale njo balijenga ile miji."

Pichani msichana amesimama, mwanamke anamshonea mkono wa gauni papo hapo mwilini. Shingo yake imelalia kushoto, vilevile kama ya mdogo wangu. Nilisikia baridi saa sita mchana.

"Mwalimu, huyu iko na uzi mu mdomo."

"Ni karatasi imekwaruzika, mama. Soma."

Haikuwa karatasi. Miaka yote hiyo amesimama pale, na hakuna aliyeutoa.

Picha ile ilinifuata hadi Lilongwe, nilipopata kazi ya kushona barazani mwa duka moja la Old Town. Huko nako mji ulikuwa unapanuka. Sare za wafanyakazi zilikuja kwa marundo, nasi wageni tulizishona tumebanana. Wateja wenye haraka niliwapa uzi wauume. Waliuuma wakicheka. Niliutoa mwenyewe kila mara, ndipo wakanishukuru: "Zikomo, mayi."

Siku moja akaja mama wa Fizi, mgeni kabisa, aliyepitia Kigoma. Sketi yake ilikuwa imechanika kiunoni. Nilipompa uzi, akaruka nyuma.

"Hapana! Mi sitaki kufanana na ule wa kambini."

"Wa kambi gani?"

"Kule Tanzania. Iko dada moja hasemi na muntu. Banazani ni bubu. Iko na kipande ya uzi mweusi mu meno, ukigusa anakuuma. Banasema anangoja mwenye alimushonea."

Nikamuuliza shingo ya huyo dada inakaaje. Akainamisha yake kushoto.

Sketi sikuishona. Mchana huohuo nilikuwa depo, naulizia basi la Karonga, njia ya kwenda Tanzania. Mdogo wangu yu hai, na furaha ilinijaa mpaka nikalia mbele za watu. Nilichoogopa ni neno lake la kwanza nikishautoa ule uzi niliomwachia mdomoni.