Kutembea Bila Kuni

Nilitoka kwetu kando ya ziwa nikiwa na sanduku la bati la shule na cheti cha kidato cha nne nilichokifunga ndani ya shati. Lori la mchanga lilinifikisha Kisumu. Hapo nikapanda treni iliyokwea milima polepole hivi kwamba vijana walishuka, wakajisaidia vichakani, kisha wakaikimbilia na kuipata. Nilishuka Kipkelion gizani nikalala kwenye benchi la stesheni. Asubuhi dereva wa maziwa alinihurumia akanibeba, na ndipo nikaona chai kwa mara ya kwanza: kijani kilichokatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, na baridi inayoingia hadi kwenye meno. Nilidhani nitakaa mwaka mmoja. Nilikaa sehemu kubwa ya miaka ya tisini.

Nilikuwa karani wa kupima majani katika shamba moja kubwa upande wa Mogogosiek. Nyuma ya kambi yetu kulikuwa na vishamba vya Wakipsigis, na nyuma ya vishamba, msitu. Kutoka huko mjane mmoja alituletea maziwa kila asubuhi. Wote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Mimi aliniita weri, kijana, ingawa ndevu zilikuwa zimeanza.

Kogo alikuwa na tabia moja iliyosumbua watu. Jumapili baada ya kanisa aliingia msituni, akaenda mpaka kwenye maporomoko ya maji, akaketi, akarudi mikono mitupu. Mwanamke atoke msituni bila kuni mgongoni, bila dawa, bila hata uyoga! Wengine walisema mkaza mwana anamnyima chakula. Wengine walinong'ona kuhusu uchawi. Mwanawe wa kwanza, mzee wa kanisa, alimwambia waziwazi kwamba akiendelea atamfungia lango.

Katika ukumbi wa wafanyakazi kulikuwa na jarida la matembezi, lililotufikia likiwa limepitia mikono mingi. Toleo moja lilikuwa na kurasa za nchi yetu ya chai. Nilimpelekea Kogo. Alifunua taratibu: vilima, mto, ndege, wageni wenye viatu vizito na mifuko mgongoni, wakicheka. Wachuma chai walikuwemo pia, mbali, wameinama, hawana nyuso.

"Hii ni hapa kwetu," alisema. "Watu wetu wako wapi? Na hawa wanapeleka wapi mzigo?"

"Hawapeleki popote, Kogo. Wanatembea tu."

"Na hakuna mtu anawauliza kuni iko wapi?"

"Hakuna."

"Basi andika na mimi. Kijana yangu anaamini kila kitu imechapishwa. Akiniona hapa atawacha maneno ya lango."

Niliandika habari yake nikaituma kwao, tena kwa Kiingereza, maana jarida lilikuwa la Kiingereza. Miezi ilipita. Siku moja akatokea mpiga picha kutoka Nairobi, kijana mpole mwenye buti mpya. Tulikwenda naye kwenye maporomoko, mimi, Kogo na yule mwanawe, ambaye alisema amekuja kuhakikisha mama yake hachekwi.

Kogo alikuwa amevaa kama mtu yeyote kwetu alivyovaa siku ya kupigwa picha: koti la buluu la akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, mkoba mkononi. Viatu vyake vya kung'aa alivibeba njia yote kwa sababu ya matope, akavivalia kwenye mawe. Mpiga picha alimtazama, akanigeukia mimi.

"Mwambie abadilishe. Avae za kila siku. Na kama kuna kuni karibu, abebe kidogo. Wasomaji wanataka maisha halisi."

Hapakuwa na haja ya kumwambia. Alikuwa amesikia.

"Wewe umetembea mpaka hapa na kuni?"

"Hapana, mama."

"Na hiyo viatu ni ya kuchuma chai?"

"Ni ya matembezi."

"Hii pia ni yangu ya matembezi. Kama picha inataka kuni, beba wewe, mimi nitakupiga. Nionyeshe mahali ya kufinya."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanawe hakucheka. Alimuuliza kwa Kiswahili, nadhani ili sote tuwe mashahidi: "Lakini mama, huku unakuja kufanya nini?"

"Maji hii nimebeba kwa mgongo tangu nikiwa msichana," Kogo alisema. "Mtungi ikijaa unakimbia, watoto wanalia nyumbani. Sikuwahi kuisikiza. Sasa naisikiza. Ni hiyo tu."

Mwanawe alisogea karibu naye, akayatazama maji. Hapo ndipo kijana wa Nairobi alipopiga picha, bila kuomba kuni tena.

Toleo lilipofika, maporomoko yetu yalijaza ukurasa mzima, mazuri kweli, na hapakuwa na mtu. Katika maneno yangu walibakiza maelekezo ya njia. Nilikasirika siku nyingi.

"Wamenitoa?" Kogo aliuliza.

"Wamekutoa."

Alifyonya, akaendelea kumimina maziwa.

Lakini yule kijana alituma picha yenyewe, Kogo akiwa ndani, kwa posta. Mwanawe aliitia fremu akaitundika sebuleni. Wageni walipouliza hiyo ilikuwa harusi ya nani, alijibu, "Si harusi. Mama anapenda kutembea." Habari ya lango ikaisha hivyo.

Nimezunguka sana tangu wakati ule. Kila ninapokuta maandishi kuhusu milima na misitu, humtafuta humo mtu wa pale pale, aliyevaa vizuri, asiyebeba kitu. Mara nyingi simwoni.

Kule kwenye chai niliondoka Jumapili moja. Miguu ilikuwa inaniwasha kwa hamu ya safari, na kazi nyingine ilikuwa inaningoja mbali. Nilipita kumuaga Kogo, nikamkuta mwanawe peke yake uani.

"Umechelewa. Wameenda kutembea."

"Yeye na nani?"

"Na mke wangu, na majirani wa ng'ambo. Wamevaa mpaka mikufu."

"Na chai ya hapa anapika nani?"

"Si unaona moshi? Kaa chini, bwana, usinicheke."

Chai yenyewe iliungua kidogo. Tuliinywa tukitazama upande wa msitu, tukiwangoja, mpaka lori lililonibebea sanduku likapiga honi barabarani.