Kigodoro Chekundu kwenye Keria

Chekeni taratibu, maana aibu hii niliifungia moyoni muda mrefu, na leo naitoa kwa sababu tu mambo yaliisha salama.

Nilikuwa nimechoka kutembea kila asubuhi kuvuka mji mzima wa Bariadi hadi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambako mimi ni karani, nikaamua kununua baiskeli, ila mfuko wangu ulikuwa wa ile ambayo wenzangu wameshaikataa. Mzee mmoja aliyekuwa anaacha kazi ya kubeba abiria akaniuzia yake, fremu ngumu, matairi mazima, na kwenye keria kigodoro chekundu chenye vishada. Breki haina. Nilipouliza, akanishangaa: "Breki ya nini, nawe una mguu?" Yaani ukitaka kusimama unakanyaga tairi la mbele kwa soli.

Mchumba wangu Kabula aliniambia nikitoe kile kigodoro, watu watanidhania dereva wa abiria. Nikamwambia nitakitoa baadaye (nilikipenda, nisiwafiche), na hapo ndipo nilipojimaliza.

Asubuhi ya kwanza, nimevaa viatu vya ofisini vyenye soli laini, nikasimama kupisha ng'ombe wavuke, mara nasikia baiskeli inalemea nyuma, nageuka, mama mtu mzima ameshakaa upande, kikapu mapajani.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akanisalimia kwa Kisukuma, kama mama na mwanawe. "Nifikishe stendi."

Sasa jamani, mtu wa umri wa mama yako ameshakaa, unamwambiaje ashuke? Nikajibu, "Mwangaluka, mayu," nikakanyaga pedeli.

Njiani akawa ananipigia stori. Yeye ni wa Nyashimo, alikuja kununua kitenge kwa sababu Jumamosi mkwe anakuja kujitambulisha. "Sijamuona bado," akasema, "ila nasikia ni kijana mtulivu, wa ofisini." Nami kwa mdomo wangu nikasema huyo mkwe ana bahati. Kabula ni wa Nyashimo. Kujitambulisha kwangu ni Jumamosi. Haya mawili yalikuja kukutana kichwani mwangu tukiwa katikati ya mteremko wa darajani, nikashtuka, nikapeleka mguu kwenye tairi, soli ikateleza, na mimi na mama mkwe na kitenge chake kipya tukaishia kwenye dimbwi.

Waendesha baiskeli za abiria wakaja mbio, wakamwinua, kisha wakanigeukia mimi: "Wewe wa kijiwe gani?" Mhasibu wetu naye akawa anapita, akapunguza mwendo. "Karani, kumbe una kazi ya pili?" Mama akawa anakamua kitenge huku anasema, "Hana hata breki, na anabeba watu." Kwetu Wasukuma mkwe hata kumsogelea mama mkwe ni mwiko, mimi nimempakia, ameshika mkanda wangu, halafu nimemmwaga kwenye matope. Nikaomba radhi nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaondoka nikiikokota baiskeli.

Hadi Jumamosi chakula hakikupita. Nilimpenda Kabula kweli, na niliona namkosa kwa sababu ya kigodoro.

Mila iliyonitisha ndiyo ikanisitiri, kwani mkwe anakaa mbali na hamtazami mama mkwe usoni, nami siku ile niliinama mpaka baba mdogo akaninong'oneza kama naumwa shingo. Mazungumzo yakaenda vizuri. Kisha nikaona pindo la kitenge linapita mbele yangu, lina doa la matope, likasimama. Nikajua yamekwisha.

Mama hakunisemesha mimi, alimgeukia shangazi yake Kabula. "Mwambie mkwe tumempokea. Ila baiskeli yake aitie breki kabla hajampakia mwanangu."

Jamani, nilipumua mpaka machozi yakanitoka.

Nimetia breki, mbele na nyuma, na tena sinunui kitu cha matairi kwa kutazama urembo. Kigodoro nimekiacha, Kabula ndiye anayekikalia, na tukifika mteremko wa darajani tunashuka wote wawili tunatembea. Mama mkwe akija kututembelea, hupanda bajaji.